Nguzo ya Nane

Walitafuta wanawake sita wanaojua chekeche.
Mimi nilikuwa mwaloni Igombe, nawatoa dagaa mchanga.
Nikasema mchanga ni mchanga, wa dagaa au wa wafu,
nikapanda bodaboda hadi Luchelele
na chekeche langu mwenyewe mapajani.

Kiwanja kimeshauzwa, kimeshapimwa,
kimeshachorwa hoteli ya vyumba arobaini vinavyotazama ziwa.
Injinia Shemdoe alitupa siku tisa.
Alizitoa kama konda anayedaiwa chenji.

Dakta Kokugonza alifunga kamba,
akaigawa ardhi miraba miraba kama daftari la hesabu,
akatuvua viatu.
Kila kigae kiandikwe: shimo, tabaka, kina, tarehe.
“Mali bila daftari,” alisema,
akaiacha methali ijimalizie yenyewe.
Kalamu nikapewa mimi niliyeishia la saba,
kwa kuwa herufi zangu hazisukumani.

Siku ya tatu tulitoa mawe meusi, mazito, yenye matundu.
“Mavi ya chuma,” alisema Dakta,
na mafundi wa zege wakacheka mpaka wakatua ndoo:
siku tatu mnatafuta mavi!
Naye akacheka. Kisha akayapima.
Kilo hamsini na nne. Andika.

Siku ya tano, kitako cha chungu,
katikati kimebonyezwa kwa kidole kikiwa kibichi.
Nikajaribu dole gumba langu. Likagoma.
Kidole cha mwisho ndicho kilichoingia, nacho kwa shida.
Sikuuliza mfinyanzi alikuwa na miaka mingapi.
Nilikiosha kwa mswaki, polepole,
kama unavyomnawisha mtoto aliyekwisha lala.

Lakini kilichoniteka hakiingii mfukoni.
Kilikuwa doa.
Duara jeusi kwenye udongo mwekundu, upana wa sahani.
“Hapa palisimama nguzo.”
Iko wapi?
“Imeoza.”
Sasa tumepata nini?
“Nafasi yake.”
Nikakwangua kwa mwiko, nikapata nyingine, na nyingine,
saba, zimezunguka kama watu wanaoota moto.
Ya nane, kwa hesabu ya kamba, ilikuwa nje ya mraba,
chini ya lundo la nondo.

Nondo hazisogezwi, alisema injinia.

Siku ya tisa, jioni, kijiko kikaja kikiunguruma.
Dereva wake, Lusato, mtu wa Majita, alizima injini,
akashuka, akayatazama yale madoa
kama anayesoma barua ya mtu mwingine.
Akapanda tena. Akawasha taa zote, akazielekeza shimoni,
akashusha kofia usoni, akalala.
Tulichora mpaka betri ikafifia, saa nane usiku.

Asubuhi alifanya kazi yake. Simlaumu.
Kijiko hakijui tabaka la kwanza wala la pili,
kinachota jana na juzi kwa meno yaleyale.

Vigae viko stoo, ndani ya maboksi ya maji ya chupa,
elfu moja mia mbili na vitatu.
Mwandiko ni wangu.
Sijaitwa tena.

Mwezi uliopita nilipeleka dagaa jikoni kwenye hoteli hiyo.
Nikapita upande wa ziwa,
nikahesabu hatua kama tulivyopima:
thelathini na mbili kutoka jabali lenye kinyesi cha ndege,
kisha tano kushoto.
Pana nguzo ya zege, imepakwa rangi ya maziwa.
Sijui kama ni penyewe. Hatukuwahi kupima.
Nikatua ndoo, nikaegemea.
Ilikuwa ya baridi, nayo haikunuka moshi wala ng’ombe.

Kijana mmoja wa mapokezi, tai shingoni, akaja:
mama, umepotea?

Nikamwambia hapana,
nasubiri hela ya dagaa.